Mhasi Hakujitenga

Watu wa Sokon, kwetu Arusha, walimwita Mhasi. Mimi nilimwita shemeji, kwa sababu alimwoa dada yangu, na kuna miaka ambayo sikumwita chochote. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua vizuri, lakini halitatoka kinywani mwangu hapa. Ana binti aliye hai, na binti huyo ndiye mwenye haki ya kulitaja au kulinyamazia.

Kazi yake ilikuwa kuhasi madume. Enzi zile za Wajerumani, kuanzia miteremko ya Meru hadi mbuga za Terrat, mtu akiwa na dume mkorofi, au dume anayetaka anenepe, alituma ujumbe kwa Mhasi. Wahasi wengine walitumia kisu, na madume wengi walikufa kwa vidonda na funza. Yeye hakukata. Alimwangusha dume kwa kamba moja ya ngozi, akamfunga miguu, akaupapasa mfuko wa korodani polepole mpaka akaupata mshipa. Kisha aliubana mshipa huo kati ya vipande viwili vya mti mgumu na kuupigapiga kwa rungu fupi mpaka ukapondeka ndani kwa ndani. Damu haikutoka. Dume aliinuka, akajikung'uta vumbi, akaenda zake kula majani.

Kabla ya kupiga, alimwinamia dume sikioni na kumwambia, "Nisamehe, mwenzangu." Hakuwahi kuacha. Waliomshikia kamba walicheka, naye hakujali. Nimemsikia akimwomba radhi beberu, na siku moja nimemsikia akimwomba radhi punda wa Mwarabu mwenye duka karibu na Boma, ile ngome ya Wajerumani. Huyo ndiye mtu ninayemsimulia. Kwa mnyama neno la kuomba msamaha lilimtoka kama mate. Kwa binadamu lilimkwama kooni miaka na miaka.

Kazi ikiisha, alinawa mikono, akamgeukia mwenye ng'ombe na kumpa kanuni. Tuliijua wote. Sisi wasichana tulipokwenda mto Themi kuteka maji, tuliiigiza kwa sauti yake nzito, tumetoa vifua mbele: "Mtenge na majike! Mwezi huu ufe, na unaofuata nao ufe. Mshipa umekatika, lakini kilichokwisha kushuka bado kiko njiani." Halafu tulicheka mpaka vibuyu vikatuponyoka. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mfugaji: dume aliyehasiwa leo anaweza bado kumpa jike mimba, kwa mbegu iliyompita mhasi.

Alikuwa mtu wa maringo. Mbele yake hukulitaja neno maksai ukimaanisha mtu. Vijana wa rika lake walipomtania, "Wewe angalia, usije ukajihasi mwenyewe," waliobaki waliangua kicheko, yeye aliinuka na kuondoka, na pombe yake iliachwa palepale. Mimi niliona ni utoto. Mtu anayeshughulika na uume wa ng'ombe mchana kutwa angepaswa kuzoea utani huo. Lakini hakuuzoea, na ukimwuliza kwa nini, alisema, "Mimi na ng'ombe hatujalingana."

Dada yangu alimpenda hivyohivyo na maringo yake. Naye alimpenda dada kwa namna iliyowachekesha wanaume wenzake. Alimsaidia kupalilia migomba, kazi ambayo mwanamume wa Kiarusha wa siku zile hakuigusa mchana watu wakiona. Kama dada alikuwa na homa, aliwakorogea watoto loshoro, ule mchanganyiko wa mahindi na maziwa ya mgando, yeye mwenyewe, akiimwaga nusu yake motoni. Mama yangu alikuwa akisema, "Mkwe wangu ana mikono ya mhasi na moyo wa mama mzazi." Baadaye mama aliyafuta maneno hayo, na sikumlaumu.

Shida ya dada ilikuwa uzazi. Kila mimba ilimmaliza. Alizaa wavulana wawili wakaishi, kisha akazaa watoto waliokufa, na mara ya mwisho alitokwa damu mpaka tukaanza kumlia angali anapumua. Alipopona, mkunga alimwita Mhasi kando ya zizi. Nilikuwepo, nimeshika maji.

"Mwanangu," mkunga alimwambia, "huyu amerudi kutoka mlangoni. Akipita tena, harudi."

"Nifanye nini, mama?"

"Oa mwingine. Huyu mwache apumzike."

Wazee wa ukoo walimwambia vilevile. Ng'ombe alikuwa nao, na kuoa mke wa pili ilikuwa jambo la kawaida. Yeye akakataa. Alikuwa ameanza kwenda kwa wamisionari kusikiliza mafundisho ya ubatizo, na huko walitaka mke mmoja, lakini mimi nadhani hata bila wamisionari angekataa. Dada alimshauri basi walale mbalimbali. Akajaribu. Mwanamume aliyeweza kumwangusha dume kwa kamba moja hakuweza kulala nyumba nyingine kwa muda mrefu. Nasema hivi si kwa kumcheka. Dada mwenyewe naye hakutaka alale huko.

Ndipo akapatwa na ngiri. Kinena kilivimba, akashindwa kazi, na mwishowe akabebwa hadi kwa daktari wa askari pale Boma. Daktari alikubali kumpasua. Mkalimani alikuwa askari mmoja wa pwani mwenye mke Mwarusha. Yaliyosemwa pale nayajua kwa sababu Mhasi alimsimulia dada, na dada akanisimulia mimi tukikata majani ya migomba kwa ajili ya ndama.

Mhasi alimwambia daktari, "Ukishanifungua, kuna mshipa unapita hapohapo. Wa mbegu. Mimi kwa ng'ombe huuponda. Wewe una kisu chembamba na uzi. Ukate, uufunge, lakini yale mengine uyaache mahali pake."

Mkalimani kwanza alikataa kutafsiri. Alidhani mgonjwa ameanza kuweweseka. Daktari aliposikia, akavuta kiti.

"Ukishafungwa, hufunguliwi tena," alisema. "Kesho ukitaka mtoto mwingine usinijie hapa."

"Sitakuja."

"Watoto walio hai wakifa?"

"Sitakuja."

"Na mkeo anajua?"

"Ndiye ninayemfanyia."

Daktari akafanya. Kisha, kwa kinywa cha mkalimani, akamwambia kwamba kazi imekwisha na hatazaa tena. Hakuongeza lingine. Labda hakujua, labda hakuulizwa. Waswahili husema mficha uchi hazai. Huyu shemeji yangu alimwonyesha Mzungu uchi wake ili asizae, na mpaka leo naliona kuwa tendo la kiume kuliko yote niliyowahi kusikia Sokon.

Dada alinisimulia hayo huku akicheka na kujifuta machozi kwa mkono wenye utomvu. "Lakini usimwambie mtu," alisema. "Watamwita maksai. Atakufa kwa aibu." Nikaapa.

Kidonda kilipofunga tu, shemeji alirudi kitandani kwake. Mganga hajigangi. Mtu ambaye alikuwa amewaambia wafugaji wote wa mlimani na mbugani kwamba kilichokwisha kushuka bado kiko njiani, hakujitenga hata mwezi mmoja. Nimeliwaza jambo hili maisha yangu yote. Hakusahau kanuni. Asubuhi alikuwa akiwaambia watu kanuni ileile kwa sauti ileile, na jioni anarudi kwa mkewe. Ni kwamba kanuni ile ilikuwa ya ng'ombe, na yeye na ng'ombe hawakulingana. Kuitumia mwilini mwake kungekuwa kukubali kwamba amehasiwa.

Dada akapata mimba.

Alimwambia mumewe mwenyewe, akiwa na hofu ya kufa tu. Hofu nyingine hakuijua. Shemeji akauliza, "Ni ya nani?" Dada alidhani ni utani. Siku chache baadaye alimleta nyumbani kwetu, yeye ametangulia mbele, dada nyuma, bila mzigo kichwani. Wavulana waliwaacha kwa bibi yao mzaa baba.

Baba aliwaita wazee. Walimwuliza Mhasi amemfumania na nani. Hakumfumania. Amesikia kwa nani? Hakusikia. Wazee wakashangaa. Kwa desturi yetu mtu aliyetoa ng'ombe wa mahari ndiye baba wa kila anayezaliwa katika nyumba ile, na wengine hawakuona sababu ya kelele hata kama kijana wa rika lake angekuwa amepita kwa mkewe. Waswahili nao wana neno hilo: kitanda hakizai haramu.

"Mtoto ni wako," mzee mmoja alimwambia. "Mchukue mkeo mwende."

"Si wangu."

"Umejuaje?"

"Najua ninachojua."

"Basi tuambie."

Angesema tu, "Nimefungwa na daktari," pengine mzee yeyote pale aliyewahi kuwa na zizi angemwuliza lini, angehesabu miezi kwa vidole, na dada angerudi kwake jioni ileile. Lakini hakusema. Na kwa kuwa mwanamume hamfukuzi mke aliyemtolea ng'ombe bila sababu, watu walijaza wenyewe sababu ile. Dada yangu akawa mwanamke aliyefanya jambo baya mno, hata mumewe anaona haya kulitamka.

Nilimwomba dada anifungue kiapo changu nimwambie baba. Alikataa. "Bado ni mume wangu," alisema. "Na alijikata kwa ajili yangu." Nilimkasirikia kwa kusema hivyo, na hasira hiyo haijaniisha.

Alikufa wakati wa masika, akimzaa mtoto wa kike. Ilikuwa kama mkunga alivyosema. Mama alimwita mtoto Namnyak, jina lenye maana ya mwenye bahati, na tulimlea mimi na yeye kwa maziwa ya ng'ombe. Mhasi hakuja mazikoni. Tulisikia yuko Terrat kazini.

Namnyak alikuwa anaanza kusimama kwa kushika ukuta, nilipokwenda sokoni karibu na Boma kuuza ndizi. Mhasi alikuwepo, amekaa na wenzake. Akaja mfugaji mmoja wa Terrat, mtu mrefu mwenye hasira, akaanza kumfokea mbele ya watu.

"Kazi yako mbovu! Dume uliyenihasia amemzalisha ng'ombe wangu. Ndama huyu hapa, rangi yake ni ya babaye kabisa!"

Mhasi akacheka kwa maringo yake. "Ulimtenga?"

"Nilimtenga siku chache."

"Siku chache!" Akasimama, akageukia watu wapate kusikia. "Sikukwambia mwezi ufe na mwingine ufe? Mshipa umekatika, lakini kilichokwisha kushuka bado..."

Akaishia hapo. Watu walidhani anatafuta neno la kumtania mfugaji, wakasubiri. Nilikuwa mbele yake, na mikungu yangu ya ndizi chini. Macho yake yalinipata. Mimi ndiye mtu pekee sokoni pale aliyejua, naye akaona kwamba najua. Akaiweka kamba yake chini, akaenda zake kuelekea mtoni, na kamba ile aliiokota mtu mwingine.

Nilimkuta kwenye kivuko cha Themi wakati wa kurudi. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, miguu majini.

"Shemeji," aliniambia, "nimemwua dada yako mara mbili."

Sikumbishia. Nilimwambia aende akaseme maneno hayo kwa baba. Akasema ataenda. Nikamwuliza lini. Akasema, "Nipe nafasi nipate moyo." Nikajitwika kapu langu nikamwacha pale.

Moyo huo aliutafuta miaka mingi. Alikuja nyumbani kwetu mara nyingi, lakini si kusema. Alihasi madume wetu bila kutaka kitu. Alileta mtamba mweusi, akamwambia baba ni wa mtoto. Baba alimpokea mtamba, lakini Mhasi hakumkaribisha ndani, akidhani ni majuto ya kawaida ya mume mkali. Mhasi alipanda migomba nyuma ya nyumba alipozikwa dada. Ubatizo aliuacha. Nilipomwuliza sababu, alisema kule wanataka mtu aungame kwanza.

Kwetu mtoto akimwamkia mtu mzima huinamisha kichwa, na mtu mzima humwekea mkono utosini. Namnyak aliwainamia wote. Alimwinamia na Mhasi kila alipokuja, na kila mara Mhasi aliuficha mkono nyuma. "Mikono yangu michafu, mwanangu," alimwambia, "nimetoka kazini." Mtoto alikaa ameinama kitambo, halafu akajiinukia.

Watoto wa jirani walimwita Namnyak ndama wa njiani. Siku moja walimwimbia hivyo mbele ya Mhasi, akiwa anakunja kamba. Nilimwangalia. Uso ulimsawijika, akaendelea kukunja kamba. Nilimfuata mpaka nje ya ua.

"Umesikia wanavyomwita?"

"Nimesikia."

"Na bado?"

"Shemeji, nikisema nitakuwa nani katika rika langu? Nitashika dume gani tena?"

"Utakuwa baba wa mtoto," nilimwambia. Alilia, kwa kweli alilia, na akaondoka. Sijui niwaelezeje watu wanaotaka mtu awe mbaya au mwema. Niliyemwona pale alikuwa anaungua, na maji yako mkononi mwake, na hayamwagi. Kuna siku nilimchukia asubuhi na mchana nikamtengea kibuyu cha maziwa.

Vita vya Wazungu vilipotufikia, Wajerumani walikusanya wanaume wa kubeba mizigo. Ng'ombe pia walichukuliwa, kwa hiyo baba alitaka dume wake mmoja ahasiwe upesi, awe mnene tumchinje sisi kabla hajachukuliwa na wao. Mhasi aliitwa. Alikuwa amekwisha kuwa na mvi, na alituambia kwamba naye ameandikwa kwenye wachukuzi na ataondoka kesho yake.

Majirani na wazee walikuja kushika kamba kama kawaida. Alimwangusha dume. Akamwinamia, akamwambia, "Nisamehe, mwenzangu." Kazi ikaisha, akanawa mikono, akamgeukia baba. Wote tulikuwa tunaijua kanuni, hata hatukuwa tunasikiliza.

"Mtenge na majike," alisema. "Mwezi huu ufe, na unaofuata nao ufe. Mshipa umekatika, lakini kilichokwisha kushuka bado kiko njiani." Kisha akaongeza, "Baba, na mimi nilipaswa kutengwa."

Baba hakuelewa. Ndipo akasema yote, amesimama, maji yakimchuruzika mikononi. Ngiri, daktari, uzi, na kurudi kitandani kidonda kilipofunga tu. Kijana mmoja alicheka aliposikia habari ya kufungwa, mzee aliyekuwa jirani yake akampiga kofi. Baba alikaa chini juu ya udongo. Mama, aliyekuwa mlangoni, aliingia ndani, na tukamsikia akilia kwa sauti tuliyokuwa hatujaisikia tangu mazishi.

Namnyak alikuwa amekuja na kibuyu kumletea mgeni maziwa. Alikuwa msichana mkubwa wa kutosha kuchunga ndama peke yake. Akafanya alivyofundishwa, akaweka kibuyu chini, akainamisha kichwa mbele ya Mhasi. Safari hii Mhasi hakuuficha mkono.

"Mama yako alisema kweli," alimwambia.

Msichana akauliza akiwa bado ameinama, "Kwani nani alisema ni mwongo?"

Mhasi akasema, "Mimi. Nami ndiye baba yako."

Mkono wake ulikuwa unashuka. Namnyak aliinua kichwa kabla haujafika, akamtazama usoni, akageuka, akarudi kwa ndama wake. Mkono wa Mhasi ulibaki hewani kidogo. Kisha akakunja kamba yake, akaiweka miguuni kwa baba, akatoka. Maziwa hakuyanywa.

Jioni tulipokuwa tunakamua, Namnyak aliniuliza kama wachukuzi wanarudi. Nikamwambia wengine hurudi. Akakamua mpaka kibuyu kikajaa.

"Akirudi," alisema, "nitainama tena, nisiinuke."

Wachache wa Sokon walirudi. Mhasi hakuwemo. Madume wetu tangu hapo walihasiwa na mtu mwingine, anayetumia kisu.